Valvu ya kuzuia maji kurudi ikifa: kuifungua au kuing'oa?

Mgao ukifika na maji ya mtaa yakakatwa, presha ya laini hushuka hadi sifuri, na huenda chini zaidi pale nyumba za bondeni zinapoendelea kufungua mifereji. Hapo bomba huanza kunyonya chochote kilichounganishwa nalo. Kinga iliyopo ni valvu ya kuzuia maji kurudi, ambayo mafundi huiita nonritani. Ubaya wake ni kwamba hufa kimyakimya: haivuji nje, haipigi kelele.

Hatari inategemea ulipo. Kisumu, visima vifupi vya Nyalenda na Manyatta viko karibu na vyoo vya shimo, na maji yake hubeba vimelea. Nakuru, visima vingi vya kuchimbwa kwa mashine vina floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Nyumba iliyounganisha kisima na laini ya mji kwenye bomba moja huwatilia majirani maji hayo siku valvu inapokwama.

Mafundi wengi husema ng'oa, weka mpya. Wenye nyumba husema fungua, safisha, rudisha. Kabla ya kubishana, pima. Tuseme valvu iko kati ya mita ya maji na tangi la juu linalojazwa kutoka chini. Chagua siku ambayo mtaa hauna maji, kwa sababu geti valvu kuukuu, zile za kufunga maji kwa kuzungusha, nazo hupitisha, na siku nyingine hutajua maji yametoka upande gani. Hakikisha tangi limejaa, funga geti valvu ya upande wa mita, kisha legeza yuniani, kiungo cha bomba kinachofunguka bila kukata, iliyo kabla ya nonritani. Maji yaliyobaki bombani yatatoka kidogo na kukoma. Yakiendelea kutiririka, tangi linarudi mtaani. Tangi lililo mita 12 juu ya valvu huisukuma kwa takriban bar 1.2, kwa hiyo kipimo hiki kinatosha.

Wanaotetea ukarabati wana hoja nzito kwa valvu ya shaba yenye kibao kinachoning'inia kwenye pini ndani yake na kifuniko cha kufungua. Mara nyingi kilichoizuia kufunga ni punje za mchanga, vipande vya tepu nyeupe au maganda ya bomba la PPR, lile la plastiki linalochomelewa kwa joto, yaliyoachwa wakati wa kukata. Funga pande zote mbili, toa kifuniko kwa spana, inua kibao, pangusa kikalio, yaani pale kibao kinapokalia kikifunga, kwa kitambaa, kisha pitisha ukucha juu yake. Ukucha ukikwama, kikalio kimechimbika. Mpira wa kibao wenye mchirizi ubadilishwe kwa EPDM, aina ya mpira wa kuzuia maji, ya ukubwa uleule. Kukata mpira wa tyubu ya baiskeli ni kosa ninaloliona baya kuliko yote, maana haukutengenezwa kwa maji ya kunywa na haukai bapa. Tundu la pini likishakuwa la yai, acha: kibao hakitaangukia katikati tena.

Kwa valvu za nusu inchi na robo tatu, naona kubadilisha ndiko sahihi. Zile za springi nyingi zimebanwa kiwandani, na plastiki ya ndani ikipasuka hakuna spea. Gharama kubwa huwa kazi yenyewe: pasipo yuniani, fundi hukata PPR na kuichomelea upya. Basi weka yuniani pande zote mbili safari hii. Fuata mshale ulio kwenye valvu. Ya kibao ilale kifuniko kikiwa juu, au isimame maji yakipanda. Maji yakishuka haitafunga. Ya springi hukubali mkao wowote, lakini hula presha, na mtaa wenye presha hafifu unaweza kushindwa kujaza tangi. Chagua yenye mpira, kwa kuwa chuma kwa chuma hupitisha pale msukumo wa kurudi ni mdogo. Tanguliza kichujio, la sivyo tope la kwanza baada ya mgao litaiua hata mpya.

Penye kisima kilichounganishwa na laini ya mji, pande zote mbili za ubishi zinakosea. Tenganisha. Maji ya mji yamwagikie tangini kutoka juu, mdomo wa bomba ukiwa juu ya kiwango cha kufurika kwa mara mbili ya kipenyo chake, na kamwe si chini ya milimita 25. Nafasi hiyo ya hewa haina mpira wala springi ya kuchakaa.

Hospitali, na mashamba ya maua ya Naivasha yanayochanganya mbolea kwenye maji, huhitaji kifaa kikubwa chenye valvu mbili na tundu la kumwaga katikati. Tundu likichuruzika, wengi hudhani kifaa kizima kimekufa, ilhali kawaida ni uchafu kwenye valvu ya kwanza. Funga valvu ya kutokea. Uchuruzi ukikoma, tazama valvu ya pili. Ukiendelea, fungua koki ya mwisho ya kupimia maji yapite: ukikoma sasa, ni valvu ya kwanza, la sivyo, ni valvu ya tundu lenyewe. Hapa karabati kwa seti ya spea ya modeli hiyohiyo, kisha pima upya. Tundu hilo lisizibwe kwa hali yoyote, na kifaa kisiwekwe shimoni: mvua ikijaza shimo, maji machafu yataingilia hapohapo. Kikae angalau sentimita 30 juu ya ardhi.