Bonde la Rufiji nalo ni mto

Kila masika Rufiji ikifurika, husikika kwamba mto umeacha njia yake. Siyapendi maneno haya. Ule mkondo tunaouona kiangazi ni kijisehemu tu cha njia ya mto. Bonde zima lililolala chini ya vilima ni lake, na ni mto wenyewe uliolijenga, tope juu ya tope.

Kiangazi kimoja nilisimama ukingoni, karibu na Utete, mahali palipomeguka na kuacha ukuta wa udongo unaonipita kimo. Juu kulikuwa na mchanga mweupe, chini yake tope jeusi lililopasukapasuka, kisha utepe mwembamba wa majani yaliyooza, halafu mchanga tena. Mzee niliyefuatana naye aliuchokonoa kwa fimbo yake. "Hii gharika moja, mwanangu. Hii nyingine." Mizizi ya mwembe ilining'inia hewani juu ya vichwa vyetu. Ng'ambo, upande wa ndani wa kona, mto ulikuwa umemwaga mchanga mpya na matete yalishaanza kuota.

Maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu hukutana na kupita kwa nguvu kwenye korongo la Stiegler, kisha nchi inakuwa tambarare. Kasi ikipungua, mzigo unashuka. Mchanga mzito hutua kwanza, pembeni mwa mkondo, na tope laini husafiri mbali zaidi. Ndiyo maana mara nyingi ardhi iliyo kando ya mto huinuka kuliko ile iliyo nyuma yake. Mgeni akijenga mbali na maji akidhani amejiepusha, huenda amejenga kwenye bakuli.

Kona nazo hazitulii. Mto hula ukingo wa nje na kulisha wa ndani, kona inazidi kujikunja, mpaka siku moja mafuriko yanakata shingo yake na kuacha ziwa lililopinda kama mwezi mchanga. Hata delta, pale mto unapogawanyika matawi kabla ya kuingia baharini, imehama: baada ya mafuriko ya miaka ya 1970 maji mengi yalielekea matawi ya kaskazini, na wakulima wakayafuata na mpunga wao hadi kwenye mikoko.

Warufiji walilijua hili muda mrefu. Walijenga madungu, vibanda juu ya nguzo ndefu, wakalinda mpunga humo maji yakipita chini yao. Maji yakishuka, walichomeka mbegu kwenye tope bichi, mahindi, kunde na maboga, bila kungoja mvua. Kilimo hicho wanakiita mlau. Mwaka 1968 serikali ilianza kuwahamishia watu kwenye vijiji vya juu baada ya mafuriko makubwa. Usalama walipata, lakini wengi waliendelea kushuka bondeni na majembe yao, kwa sababu rutuba haikuhama nao.

Sasa kwenye korongo la Stiegler kuna bwawa la umeme la Julius Nyerere, megawati 2,115, lililoanza kujazwa Desemba 2022. Umeme tunauhitaji, sibishani na hilo. Ila bwawa hukamata tope pamoja na maji. Mto unaotoka ukiwa mwepesi huwa na njaa, huanza kuchimba sakafu na kingo zake wenyewe, na mashamba ya chini yanakosa mbolea ya bure. Wala bwawa halijaondoa hatari. Aprili 2024 sehemu za wilaya za Rufiji na Kibiti zilizama, watu wakabaki bila nyumba wala mavuno.

Ninachotaka ni mambo mawili. Ramani za viwanja zioneshe bonde lote kuwa eneo la mto, zikiwemo kona zake za zamani ambazo leo ni majaruba. Na ratiba ya kufungulia maji bwawani ipangwe na wakulima wa mlau wakiwa mezani, itangazwe hadi kitongoji cha mwisho kabla mbegu hazijaingia kwenye tope.