Theluthi moja na milango ya pembeni: ukabila katika ajira za umma Kenya

Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100, na mwaka uliofuata Bunge la Kenya likapitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Kifungu cha 7 kinasema taasisi yoyote ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Ndicho hutajwa kila bosi wa shirika la serikali anapoitwa mbele ya wabunge aeleze kwa nini majina kwenye orodha yake ya mishahara yanafanana.

Hebu tupige hesabu. Jamii tatu, kila moja na theluthi yake, zinaweza kujaza ofisi nzima na sheria isivunjwe, ilhali Kenya ina jamii zaidi ya 40. Tena theluthi hiyo ni ya wafanyakazi wote kwa jumla, mkurugenzi na mfagizi wakiwa sawa. Shirika ambalo wakuu wake wote wametoka bonde moja linaweza kujisafisha kwa kuajiri walinzi na madereva kutoka kwingine.

Hata hivyo singeunga mkono sheria hiyo ifutwe. Kabla yake manung'uniko yalikuwa ya mtaani tu. Ukaguzi wa utumishi wa umma uliotolewa na Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa (NCIC) mwaka 2011 ulionyesha Wakikuyu na Wakalenjin peke yao wakishika karibu asilimia 40 ya nafasi, wakati sensa ya 2009 iliwapa takriban asilimia 30 ya wananchi. Pengo lipo, ingawa si kubwa kama linavyosimuliwa kwenye matatu, na marais wote watatu wa hadi wakati huo walitoka katika jamii hizo mbili. Bila kuhesabu, lingebaki uvumi.

Wanaopinga mgao nao wana hoja nzito. Kijana aliyefaulu vizuri chuoni akiambiwa "jamii yenu imejaa hapa", anaadhibiwa kwa upendeleo ambao yeye mwenyewe hakuuonja. Katiba ya 2010, kifungu cha 232, inataja ushindani wa haki na sifa za mwombaji kuwa msingi wa ajira, halafu inaongeza uwakilishi wa jamii zote. Ninachotilia shaka ni jinsi neno "sifa" linavyotumiwa kana kwamba lina mizani yake. Sifa hupimwa na watu watano nyuma ya meza.

Hapo ndipo mambo huharibika. Mwombaji anaulizwa, "Unatoka wapi?" Anajibu Nakuru. "Nakuru sawa, lakini kwenu hasa ni wapi? Baba ni wa wapi?" Swali halina uhusiano wowote na uhasibu anaoombea, ila alama zake zinaandikwa baada ya jibu. Zikiandikwa kwa penseli, zitabadilika jioni.

Taasisi inayotaka kubadilika haihitaji semina nyingine ya uwiano hotelini Naivasha. Maswali yawe yaleyale kwa kila mwombaji, yaandikwe kabla ya siku ya mahojiano. Kila mwanajopo atoe alama zake peke yake, kwa wino, kabla ya kujadiliana. Jopo lenyewe lisitoke jamii moja. Aliyekosa akiomba kuonyeshwa alama zake, aonyeshwe. Wengine hupendekeza kuficha majina kwenye maombi. Ni hatua nzuri, ingawa jina la shule ya upili linaweza kukusema kabla hujafungua mdomo.

Zaidi ya hayo kuna milango ya pembeni: vibarua, wanagenzi na wanaokaimu. Mpwa wa mkubwa anaingia kwa mkataba wa miezi mitatu bila tangazo, unaongezwa, kisha nafasi ya kudumu inatangazwa ikidai "uzoefu wa miaka miwili katika idara hii". Mahojiano yanafanywa kwa haki kabisa na yeye anashinda kwa haki kabisa. Ukaguzi unaosubiri orodha ya mishahara hauuoni mchezo huo, kwa hiyo nafasi za muda nazo zitangazwe.

Tanzania ilichagua njia nyingine. Tangu sensa ya 1967 haijawauliza wananchi kabila, na kwa miaka mingi serikali iliwapeleka wanafunzi na watumishi mbali na kwao. Majirani zetu wana haki ya kujivunia hilo. Lakini wana makabila zaidi ya 120 na hakuna linalokaribia nusu ya watu, na asiyehesabu hana namna ya kujibu mtu akilalamika kwamba idara fulani imejaa wa upande mmoja. Kenya ikiacha kuhesabu leo, watakaofurahi zaidi ni waliokwisha kuketi.

Kwenye kaunti ndipo ninapoyumba. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia ziende kwa watu wasio wa jamii kubwa ya kaunti husika. Mombasa au Nairobi waombaji wa kila jamii wapo. Lakini nani atatoka Kwale kwenda kuwa karani Nyamira kwa mshahara wa kuanzia? Na ugatuzi si uliahidi kazi zifike kwa wenyeji? Kipimo cha haki, kwa maoni yangu, kingeanza na waombaji: tangazo lilifika wapi, nani waliomba, na wageni walioomba waliangukia hatua gani. Mtoto wa wakimbizi wa ndani aliyezaliwa na kukulia humohumo kwenye kaunti asihesabiwe mgeni wa kuhurumiwa.

Theluthi inazibana taasisi za umma tu. Sheria ya Ajira ya 2007 inafika hadi kampuni binafsi: kifungu cha 5 kinakataza ubaguzi wa kikabila, na mfanyakazi akishtaki, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba hakubagua. Atathibitisha kwa nini, kama karatasi za alama zilitupwa siku ileile?