Ramani haijui magharibi iko wapi

Mwambie mtu anayejenga Dar es Salaam kwamba anahitaji msanifu majengo, atakujibu: "Ramani ninayo." Kaipata mtandaoni, vyumba vitatu, kimoja masta. Anachotafuta sasa ni injinia wa kumhakikishia kwamba nyumba haitaanguka.

Hofu hiyo si ya bure. Machi 29, 2013 ghorofa lilianguka Mtaa wa Indira Gandhi likaua zaidi ya watu 30. Siku kama ile nani ataulizia madirisha? Mhandisi ndiye mwenye hesabu za nondo, zege na udongo, na akikosea watu wanazikwa. Hapo sina ubishi.

Kosa la usanifu haliziki mtu, ndiyo maana halihesabiwi. Chukua chumba cha kulala kilichoelekea magharibi, chenye dirisha moja. Jua la adhuhuri linazuiwa na paa. La saa kumi linakuja limeinama, linapita chini ya upenu na kuuchapa ukuta mpaka linapozama. Tofali za saruji zinalinywa joto lile, kisha zinalitema ndani usiku, saa ile ile unayotafuta usingizi. Ni Februari, kaskazi inavuma nje, lakini upepo usio na pa kutokea hauingii. Nyumba haina hata ufa, injinia hajakosea kitu, na humo hapalaliki. Unanunua kiyoyozi. Baada ya hapo kila wiki ni kununua umeme wa Luku, na ada ya msanifu uliyoiona ghali ingelipwa mara moja tu.

Ramani ya mtandaoni si mbovu, ila haijawahi kufika kiwanjani kwako. Msanifu anafika, anauliza jua linazamia wapi na jirani kajenga hadi wapi. (Wapo wasiofika, wanaomuuzia mteja wa leo ramani ya mteja wa jana. Hao ndio waliowafanya wenzao waitwe wachoraji.)

Tazama Soko la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli, lililofunguliwa 1975. Nguzo zake za zege zinatanuka juu kama miavuli. Bila mhandisi miavuli ile isingesimama hata siku moja. Lakini kabla ya hesabu yoyote, ilibidi mtu awaze kwamba muuza nyanya anahitaji kivuli.