Picha ziko kwenye wingu, ufunguo anao nani?

Machi mwaka jana shangazi yangu wa Busia aliibiwa simu akipanda teksi Kampala. Simu yenyewe hakuililia. Alililia picha ya marehemu mume wake ameketi chini ya mwembe, kanzu nyeupe, kikombe cha chai mkononi, wiki mbili kabla hajafariki.

Nikamtuliza. Simu nyingi za Android hutuma nakala za picha kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta kubwa za kampuni zilizo mbali huko, na ukiingia na akaunti yako kwa simu nyingine unazikuta.

"Akaunti yako ni ipi, shangazi?"

"Akaunti gani, mwanangu?"

Akaunti alifunguliwa na kijana aliyemuuzia simu. Anwani ya barua pepe haijui, neno la siri halijui, na namba ya kurejeshea akaunti ni ya laini ya yule kijana, ambayo haipatikani tena.

Desturi hii ya madukani inaniuma, na naomba tuiache. Ukinunua simu, fungua akaunti mwenyewe, kwa namba yako. Kama ni ya mzazi, keti naye mfungue pamoja. Anwani na neno la siri yaandikwe kwenye karatasi, iwekwe panapowekwa kitambulisho na hati ya kiwanja. Wengine watasema karatasi si salama. Kwa shangazi yangu ingetosha.

Mengine ni mepesi. Google, wenye akaunti hizi za Android, hutoa nafasi ya GB 15 bure, na tangu tarehe 1 Juni 2021 kila picha mpya unayohifadhi huko inahesabiwa humo, pamoja na barua pepe zako. Ruhusu picha zipande kwa Wi-Fi tu; bando letu hapa Uganda linakatwa kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021, usilimalize kwa video za harusi. Na hili wengi hawalijui: ukifuta picha ndani ya programu ya Google Photos ili simu ipate nafasi, inafutika na kule kwenye wingu. Inakaa kwenye pipa la taka siku 60, kisha basi. Tumia kitufe cha "Free up space" humo humo, kinachoondoa picha kwenye simu pekee na kuziacha kwenye wingu.

Picha ya mwembe huenda ipo mpaka leo. Ila kanuni ya Google inasema akaunti isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa, na vilivyomo vyote. Bado namtafuta yule kijana.