Feni Ikizunguka Bado Hujapima Pawa Saplai

Nenda kanunue pawa saplai ya mtumba ya kompyuta uone inavyopimwa. Muuzaji anaichomeka kwenye umeme, anachukua kipande cha waya, anaunganisha waya wa kijani na mweusi kwenye plagi ya pini 24, ile kuu inayoingia kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta). Feni ikizunguka, biashara imekwisha. Naupinga utaratibu huu kabisa, kwa sababu feni hula ampea 0.2 hivi, na hata pawa saplai iliyochoka huweza kuizungusha siku nzima. Mnunuzi anaondoka bila kujua kama itaibeba mazabodi yenye prosesa na diski mbili.

Kabla ya kuchomeka chochote, tazama swichi nyekundu ya kuchagua volti iliyo nyuma, kama ipo. Kompyuta zilizotoka Marekani mara nyingi huja ikiwa kwenye 115. Ukiichomeka hivyo kwenye umeme wa volti 230 wa Tanzania au 240 wa Kenya, saketi ya kuingilia hufanya kazi ya kuongeza volti mara mbili: zile kapasita (vihifadhi umeme) mbili kubwa za volti 200 hupata zaidi ya 300 kila moja, na hupasuka. Chungulia pia kwenye matundu kwa tochi. Kapasita iliyovimba kichwani au iliyovuja maji ya kahawia imekwisha, hata kama mita ya kupimia umeme itasema vingine.

Sasa chomeka bila kuiwasha, upime waya wa zambarau dhidi ya mweusi. Uwe kati ya volti 4.75 na 5.25. Hiki ndicho kipimo ninachokipa uzito kuliko vyote, na ndicho kinachorukwa zaidi. Sehemu inayolisha waya huu hufanya kazi usiku na mchana muda wote plagi ikiwa ukutani, hata kompyuta ikiwa imezimwa, hivyo kapasita zake ndogo hukauka mapema. Katika miundo mingi ya zamani, kapasita moja ya maikrofaradi (kipimo cha uwezo wa kapasita) chache tu ikikauka, volti ya zambarau hupanda badala ya kushuka, na mazabodi huungua nayo. Ukisoma 5.6 au 6, usiiunganishe na kitu chochote cha thamani.

Baada ya hapo unganisha kijani na mweusi. Njano isome 11.4 hadi 12.6, nyekundu 4.75 hadi 5.25, chungwa 3.14 hadi 3.47, na kijivu ipande hadi karibu 5 ndani ya nusu sekunde. Angalizo: usiamini rangi na mpangilio huu kwenye kila chapa. Dell OptiPlex 7020 na 9020, kwa mfano, zina plagi kuu ya pini 8, kwa hiyo tafuta mchoro wake kwanza.

Namba hizo bila mzigo hazitoshi. Mzigo mzuri na wa bei nafuu unauzwa kwenye maduka ya spea za magari: balbu ya indiketa ya volti 12, wati 21, huvuta karibu ampea 1.75. Funga mbili au tatu kwenye njano, na moja kwenye nyekundu. Hiyo ya nyekundu ni ya lazima kwa pawa saplai za zamani, kwani ndani yake volti 12 na volti 5 hudhibitiwa pamoja. Ukivuta upande mmoja tu, wa pili hupanda, na utaitupa nzima ukidhani ni mbovu. Taa kubwa ya H4 huvuta karibu ampea 5, lakini ikiwa baridi huvuta mara kadhaa zaidi kwa sehemu ndogo ya sekunde, na pawa saplai huweza kujizima kujilinda. Anza na balbu ndogo, ongeza moja moja. Iache nusu saa, kisha pima tena kwenye plagi. Iliyoanza na 12.1 ikashuka hadi 11.3 baada ya kupata joto haifai kuuzwa.

Ukiamua kuifungua, chomoa waya wa umeme kwanza, na ukumbuke kwamba kapasita kubwa zinaweza kubaki na volti zaidi ya 300. Zimalize kwa rezista (kipinga umeme) ya kilo-omu 10, wati 5, ukiishikilia kwa sekunde 30, kisha hakikisha kwa mita. Bisibisi haifai kwa kazi hii, maana cheche yake huyeyusha njia za shaba. Kapasita za upande wa kutolea zibadilishwe na mpya za nyuzi joto 105, zenye ukinzani mdogo wa ndani, maikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi. Kung'oa za pawa saplai nyingine iliyokufa ni kuhamisha ugonjwa. Na fyuzi iliyoungua usiiunge kwa uzi wa waya. Mara nyingi imeungua kwa sababu transista au dayodi (kipitisha umeme upande mmoja) za kuingilia zimepiga shoti. Baada ya kutengeneza, washa mara ya kwanza kupitia balbu ya kizamani ya wati 100, ile yenye uzi, iliyofungwa mfululizo na waya wa umeme. Ikimulika kidogo na kufifia, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu, shoti bado ipo.

Isiyotengenezeka ina mali nyingi. Feni ya volti 12, mabamba ya kupozea, soketi ya kuingilia, vichwa vya waya vilivyokatwa na waya mrefu, vyote vina kazi. Dayodi kubwa zenye miguu mitatu, kama MBR2045, hupimika kwa mita kwa sekunde chache: upande mmoja isome 0.15 hadi 0.3, upande wa pili isipitishe. Ikifungwa kwenye bamba la kupozea, huzuia betri ya volti 12 isirudishe umeme kwenye paneli ndogo ya sola usiku.

Pawa saplai nzima pia huwa chanzo kizuri cha volti 12 mezani kwa fundi. Wengi hujaribu kuchajia nayo betri ya gari, lakini betri hiyo huhitaji volti 13.8 hadi 14.4, na 12 hazifiki huko.