Aliyezama hakamuliwi maji

Mwaka jana, hapa mwaloni Masese, Jinja, Uganda, kijana mmoja alitolewa ziwani akiwa kimya. Wanaume wawili walimshika miguu wakamning'iniza kichwa chini, wa tatu akawa anamkamua tumbo ili maji yatoke. Yalitoka kidogo, pamoja na matapishi, na watu wakashangilia. Mimi nilikuwa hatua tano tu kutoka pale, nimeshika beseni la mukene, yaani dagaa, sijui la kufanya zaidi ya kupiga kelele boda iitwe. Boda ilipofika, kijana alipakiwa katikati ya watu wawili kama gunia. Hospitali walimpokea akiwa maiti.

Miezi michache baadaye nilijifunza CPR, yaani kukandamiza kifua cha mtu na kumpulizia pumzi, na tangu hapo siku ile hainitoki. Aliyezama anauawa na kukosa hewa. Ukimkamua tumbo, matapishi yanapanda na kuingia kwenye mapafu, na wakati wote huo hakuna anayempa pumzi. Kama haitiki na hapumui, alazwe chali mahali pagumu, kichwa kiinamishwe nyuma, kidevu kiinuliwe, pua ibanwe, apuliziwe pumzi kwanza. Kisha kifua kikandamizwe mara 30, pumzi 2, mara 30 tena, mpaka apumue au wafike wenye ujuzi zaidi. Ubongo ukikosa hewa dakika nne, tano, unaanza kuharibika. Hakuna boda inayoweza kuzikimbia dakika hizo.

Nimekuwa nikiwaomba majirani waje kujifunza, na jibu ni lile lile: "Hiyo ni kazi ya madaktari, ndugu yangu." Hili linaniumiza kuliko yote. Kwenye mtumbwi wa kwenda visiwa vya Buvuma daktari yuko wapi? Mtu akianguka sokoni, wa kwanza kumfikia ni muuza nyanya aliye jirani yake. Na hata waliotuletea ujuzi huu hawakuwa madaktari watupu. William Kouwenhoven, mmoja wa watatu walioeleza mwaka 1960 kule Baltimore, Marekani, namna ya kuzungusha damu ya mtu ambaye moyo umesimama kwa kukandamiza kifua kutoka nje, alikuwa mhandisi wa umeme. Wao wenyewe waliandika kwamba kinachohitajika ni mikono miwili tu. Mdoli wa mazoezi unaotumika duniani kote ulitengenezwa miaka hiyo hiyo na Asmund Laerdal wa Norway, na yeye kazi yake ilikuwa kutengeneza vitu vya kuchezea watoto.

Mafunzo yetu yalikuwa ya siku moja, kwenye turubai chini ya mwembe. Mwalimu, muuguzi, alituonyesha pa kuweka mkono: katikati ya kifua, upande wa kiganja ulio karibu na kifundo, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka. Unashuka sentimita tano, unaachia kifua kirudi chote, karibu mara mbili kwa kila sekunde. Mdoli ukikandamizwa vya kutosha unatoa mlio mdogo, tak. Nilikandamiza mara kumi bila kuusikia. Mikono yangu ilikuwa inambembeleza mtu ambaye moyo wake umesimama! Nilipouegemea kwa uzito wa mwili mzima ndipo ukalia, na kabla ya dakika mbili kuisha mabega yalikuwa yanatetemeka. Ndiyo maana watu hupokezana.

Mama mmoja anayeuza samaki aliuliza, "Mwalimu, na nikimvunja mbavu?" Akajibiwa, "Zinaweza kuvunjika, mama. Mbavu huunga." Kuhusu magonjwa, virusi vya UKIMWI haviambukizwi kwa mate, na mtu mzima aliyeanguka ghafla nchi kavu unaweza kumkandamiza kifua tu bila kumpulizia, kama huwezi au huthubutu. Mtoto na aliyezama ndio wanaohitaji pumzi hasa.

Lililonishtua ni jingine. Mtu ambaye moyo umesimama anaweza kuendelea kutweta dakika chache, mdomo unafunguka na kufunga kama sangara aliyetupwa mchangani, polepole, kwa mkoromo. Watu husema, "Mwacheni, bado anapumua." Hapumui. Huo ndio wakati wa kuanza.

Wapo wanaokataa kujifunza kwa sababu walisikia fulani alikandamizwa na bado akafa. Ni kweli, wengi hawarudi, hata mikono ikiwa hodari. Lakini yule ambaye moyo wake umesimama hakuna utakachomwongezea kibaya. Na cheti hakikandamizi kifua. Baada ya miezi michache bila mazoezi mikono inasahau, kwa hiyo nyumbani kwangu tunafanyia kwenye godoro lililokunjwa, mimi na watoto, tukihesabu kwa sauti.

Mwezi uliopita mwalimu alirudi na mdoli wake. Mmoja wa wale wanaume waliomning'iniza kijana alikuja, akakaa nyuma, hakusema neno. Zamu yake ilipofika alipiga magoti akakandamiza mpaka jasho likawa linadondoka kwenye ule uso wa plastiki. Mwalimu akamwambia, "Mzee, pumzika, mpishe mwenzako." Aliendelea kuhesabu.