Fundi, umepima nini?

Jirani yangu hapa Umoja, Nairobi, mwalimu wa shule ya msingi, ameshanunua betri mpya, stata (mota inayozungusha injini wakati wa kuwasha) ya mtumba na pampu ya mafuta, na bado gari lake linakataa kuwaka siku linapotaka. Juzi lilimgomea giza likiingia, mtoto mgonjwa akiwa kiti cha nyuma. Asubuhi likawaka bila shida. Alipompigia fundi, akajibiwa, "Madam, sasa hiyo ni alteneta," yaani mashine inayochaji betri. Fundi hakuwa hata ameliona gari. Nilikasirika, na hasira haijaisha.

Gari lililokufa kabisa halimsumbui sana fundi. Kazi iko kwa hili linalowaka leo na kugoma kesho. Ukilifikisha gereji, linawaka. Fundi anabadilisha kitu, anazungusha ufunguo, linawaka, anapokea pesa. Lakini lilikuwa linawaka hata kabla hajafungua boneti! Kuwaka kwake baada ya spea mpya hakuthibitishi chochote, na hapo ndipo mishahara ya watu inapoishia.

Kuna jambo jingine linalowapotosha hata mafundi waaminifu. Huwezi kubadilisha betri bila kufungua teminali, vile vishikio vya waya kwenye vichwa vya betri. Fundi anakwangua ule ungaunga, anakaza nati kwa spana ya kumi, na teminali iliyokuwa imelegea inashika tena. Gari linatulia kwa wiki kadhaa. Kila mtu anaamini betri ya zamani ndiyo iliyokuwa mbovu, kumbe ilikuwa nzima na sasa inauzwa kwingine. Stata ni vivyo hivyo: haitoki bila kufunguliwa ule waya wake mnene. Ugonjwa unatulia, unarudi, na fundi anahamia spea inayofuata.

Dawa ni kupima, na kupima wakati gari limegoma. Mita ya umeme ya kawaida inatosha. Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa na kupumzika, husoma karibu volti 12.6; ikisoma 12.2, imebaki nusu hivi. Mwombe mtu azungushe ufunguo huku ukiiangalia mita. Ikiporomoka chini ya 9.6, haya, ishuku betri. Ikibaki juu ya 12 na stata kimya, umeme wa stata haupiti: fuata teminali, swichi ya ufunguo, rilei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme), waya, na stata yenyewe. Kwa gari la otomatiki, jaribu kuwasha gia ikiwa kwenye N. Likikubali hapo na kukataa kwenye P, angalia swichi ya gia, ile inayozuia stata gari likiwa kwenye gia. Kisha weka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, ufunguo uzungushwe tena. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti wakati stata inavuta, waya wa athi, ule unaotoka kichwa hasi cha betri, una kasoro. Hiyo ni kazi ya dakika chache, na hakuna aliyemfanyia mwalimu yule.

Kama stata inazungusha injini vizuri lakini injini haishiki, hayo ni mengine. Likigoma likiwa moto baada ya foleni ya Jogoo Road, likapoa na kuwaka, ningeanza na sensa ya krenki, kifaa kinachoiambia kompyuta ya gari jinsi injini inavyozunguka.

Halafu kuna traka, yaani vifaa vya kufuatilia gari lilipo, na alamu. Magari mengi ya Nairobi yanazo, hasa yaliyonunuliwa kwa mkopo. Ili gari liweze kuzimwa kwa mbali, waya wa stata au wa pampu ya mafuta hukatwa chini ya dashibodi na kupitishwa kwenye rilei ndogo, na mara nyingine viungo vyake ni waya zilizosokotwa na kufungwa tepu. Barabara zetu zinavitikisa kila siku. Hapo ningechungulia kabla ya kwenda Kirinyaga Road kutafuta spea yoyote.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba na sisi wenye magari tuna sehemu yetu. Tunalipa stata bila kunung'unika, lakini fundi akiomba pesa za kupima tu tunamwambia hajafanya kazi. Mtu atakula nini? Basi mlipeni anayepima, hata kama hakubadilisha kitu. Mlipeni vizuri.

Na gari likigoma, kabla ya kulijaribu tena na tena, washa taa za mbele na urekodi kwa simu: zinafifia ufunguo ukizungushwa? Unasikia mlio mmoja, milio ya haraka, au hakuna kitu? Taa yenye alama ya ufunguo inawaka na kuzimika kwenye dashibodi? Mpelekee fundi video hiyo. Akikuambia ni spea fulani, muulize mita ilisoma ngapi. Akishindwa kujibu, funga boneti umtafute mwingine. Ukikubali kubadilisha, spea ya zamani irudi kwenye buti yako, maana huenda ndiyo nzima.